Kila Video na Mwenyewe

Haidari, muuza vitambaa wa Kibondo, alikuwa na sharti moja lisilovunjwa: mzigo wa mteja haukai rafuni bila karatasi. Ukiacha kanga zako ukasubiri gari, anaandika jina lako, kijiji chako, mwenye nyumba unayokaa kwake, na simu kama unayo, kisha anabandika. "Kitu kisicho na jina hakina mwenyewe," alisema kila siku, na kwa sharti hilo alikaa sokoni miaka thelathini bila kumpa mtu kanga ya mwenzake. Dereva yeyote wa Kasulu au Kakonko angeupeleka mzigo wa Haidari mpaka mlangoni, hata kama hajawahi kukanyaga kijiji hicho. Binti yake, Shamsia, alikulia chini ya rafu hizo, na vikaratasi vya baba aliviandika kabla hajaanza shule.

Shamsia huyu kidato cha nne hakikumkalia vizuri. Hesabu zilimwangusha, na ndugu wa Tanga wakatuma salamu kwamba aolewe. Baba akakataa, akampeleka Kasulu kwa fundi Khatibu akajifunze kompyuta. Mwaka 2012 alirudi na mashine mbili kuukuu ndani ya gunia, na kufikia 2015 zilikuwa sita, zimepangwa kwenye chumba cha nyuma ya duka, modemu moja ikizilisha zote. Hapo ndipo walimu na manesi waliohamishiwa Kibondo kutoka mikoa ya mbali walipokuja kuangalia harusi za kwao, na vijana kuangalia Bongo Fleva.

Video ndiyo iliyomtoa jasho, na ndiyo iliyomjengea jina. Siku hizo brauza haikucheza video peke yake. Ilitaka plagini, kile kipande cha programu kinachobandikwa ndani yake, na plagini ikizeeka wiki mbili tu, brauza inaikataa. Unabaki unatazama kisanduku cha kijivu. Mwalimu Didas, Mchaga asiye na subira, alikuwa akipiga kisanduku hicho kwa kidole kama anayebisha hodi. Shamsia angecheka, amsogeze kando, na baada ya muda kwaya ya Marangu ingekuwa inaimba.

Na kwa kuwa bando lilikuwa la taabu, alibuni njia yake. Kila video aliyofanikiwa kuifungua aliinakili kwenye mashine namba moja, ndani ya folda ambayo mashine zote sita ziliweza kuifungua. Mwenye video akirudi, anaipata bila kusubiri. Na kila video aliiandika kama alivyofundishwa na baba: MWALIMU DIDAS – KWAYA – NYUMBA ZA WALIMU. MAMA HERIETH – HARUSI YA MDOGO WAKE – RUNGWE MPYA, na simu. Watu waliifurahia folda ile. Mtu wa kijijini kuona jina lake kwenye kompyuta si jambo dogo, na Shamsia alikuwa na kiburi nayo, nami simlaumu.

Mwaka huo wa 2015 Burundi ikachafuka. Kuanzia Aprili watu walivuka mpaka kwa makundi, na Kibondo ikajaa sura ngeni na maneno yaliyosemwa kwa sauti ya chini. Wengi walipelekwa kambini. Wengine, wenye ndugu upande huu, waliingia vijijini kimya kimya. Na nyuma yao, watu walinong'ona, walivuka pia wengine ambao hawakuwa wamekimbia kitu.

Jumatatu moja ya Juni aliingia mzee mrefu, koti limefungwa vifungo vyote, akasimama mlangoni mpaka chumba kilipobaki kitupu.

"Bwakeye, mwanangu. Nimeambiwa wewe unafungua video zilizokataa."

"Karibu, mzee. Ni video gani?"

Akatoa karatasi yenye anwani ya tovuti ya redio ya ughaibuni. Jina lake Hatungimana. Alizungumza kwa kuchanganya Kiswahili na Kirundi, na Shamsia, ambaye mama yake alikuwa Muha wa Rungwe Mpya, na Kiha hakiko mbali na Kirundi, hakupoteza neno.

"Binti yangu, Generosa, aliona watu waliomwua jirani yetu. Aliwaona sura. Akaja mwandishi wa habari akamwambia, jifunike uso, useme, jina hatulitaji. Akasema. Sasa wengine wananiambia mwishoni kitambaa kilimdondoka. Wengine wanasema hapana. Wale watu bado wanatafuta nani alisema. Kama sura ipo mule, leo hii ninamwondoa, tunakwenda mbali. Kama haipo, nitamwambia alale. Tangu tuvuke hajalala."

"Yuko kambini?"

Mzee akageuka kutazama mlango. "Kambini hatukwenda. Yuko Kasanda, njia ya Kakonko, kwa Tharsisi, mtoto wa shangazi yangu. Anajua Tharsisi, na sasa wewe."

"Hilo limekufa hapa hapa, mzee," Shamsia akasema, na alikuwa anasema kweli yake yote. Akachukua namba ya simu ya mzee ili amwite kazi ikikamilika.

Siku ya kwanza ilikuwa ya kisanduku cha kijivu. Plagini imezeeka. Akaanza kushusha mpya; ikafika nusu, umeme ukakatika. Uliporudi, brauza ikaigomea tovuti yenyewe, ikidai haiaminiki. Shamsia akatazama pembeni ya kioo: kompyuta ilisema ni Januari 2008. Kibetri cha ndani kilikuwa kimekufa, kila umeme ukikatika mashine inasahau miaka saba. Akarekebisha tarehe kwa mkono. Kila asubuhi ilikuwa hivyo hivyo. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzirudisha mashine kwenye siku ya leo na kufuta alama za wateja wa jana.

Siku ya pili alimpigia Khatibu, naye akatuma plagini nzima kwenye flashi kwa dereva wa Kasulu, ndani ya bahasha iliyoandikwa SHAMSIA – KIBONDO – KWA HAIDARI. Ikafika saa nane. Akaiweka, akafungua ukurasa, na chumba kikajaa sauti ya msichana. Sauti tu. Kioo kilikuwa cheusi tii.

Msichana alizungumza Kirundi, polepole, kama anayehesabu maneno asije akazidisha. Alisema waligonga mara tatu. Alisema jirani aliwafungulia kwa sababu walimwita kwa jina lake, akadhani ni watu wanaomfahamu. Shamsia aliisikiliza mara ya kwanza akitafuta hitilafu, mara ya pili akasahau hitilafu, na mara ya tatu akaizima kabla haijaisha. Jioni hiyo hakula. Mama yake alimwuliza anaumwa nini, akasema ni kichwa.

Siku ya tatu mzee mwenyewe alikuja akaketi pembeni yake. Shamsia alibadili brauza, akatoa plagini akairudisha, akafuta kumbukumbu zote. Sauti ilikuja, picha haikuja. Mzee alikuwa amefumba macho akimsikia mwanawe. Mwisho Shamsia akakumbuka neno la Khatibu, kwamba mashine za kizee zinalemewa pale plagini inapoitwisha kadi ya picha kazi isiyoiweza. Akabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya weusi ule, akaingia kwenye mipangilio, akaondoa tiki moja ndogo. Akafunga, akafungua tena.

Picha ikaja.

Msichana amekaa kwenye kiti cha plastiki, ukuta mtupu nyuma yake, kitambaa cha bluu kimemfunika kuanzia utosini. Dakika sita. Walizitazama wote wawili bila kupepesa. Dakika ya tano mkono wake ulipanda ukashika kitambaa, na Hatungimana akashika ukingo wa meza. Mkono ukakaza kitambaa, ukashuka. Video ikaisha. Uso haukuonekana hata chembe. Jina halikutajwa.

"Rudia mwisho," mzee akasema. Akarudia mara nne. Ndipo yule mzee akavua kofia, akaweka uso kwenye viganja na kulia, akimwita Mungu, "Imana, Imana," na Shamsia naye akalia, maana raha kama ile huambukiza. Hakutaka malipo. Mzee akamwombea dua ndefu mlangoni, akaenda zake kupanda gari la Kakonko, akatembea kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Basi Shamsia akarudi kwenye kiti na kufanya alichofanya siku zote. Alifikiri Generosa naye atataka kujiona, siku moja, mambo yakitulia. Akainakili video kwenye mashine namba moja, kwenye folda ya wote, na vidole vikaandika: HATUNGIMANA – BINTI GENEROSA – KASANDA KWA THARSISI, na namba ya simu. Siri aliyoahidi kuizika aliiandika kwa herufi kubwa, wala hakujua ameiandika. Kichwa chake kilikuwa kimeahidi, lakini vidole vilikuwa na miaka ishirini ya vikaratasi vya baba, na hakuna aliyeviambia kwamba kuna mzigo usiotakiwa kufika.

Ijumaa mchana aliingia mnunuzi wa maharage. Ndivyo alivyojitambulisha: anatoka Kigoma mjini, ananunua maharage, anasubiri lori. Kijana nadhifu, viatu havina vumbi, jambo ambalo Kibondo wakati wa kiangazi ni muujiza. Akasalimu vizuri, akamwita Haidari "baba" na Shamsia "dada".

"Dada, natafuta habari za Burundi. Video hasa. Kuna ndugu zangu kule, nina wasiwasi nao."

"Mtandao leo ni mzito," Shamsia akamjibu. "Kaa namba nne, fungua folda ya pamoja. Zipo za watu mbalimbali, humalizi bando."

Akakaa. Alilipia saa nzima, akatumia robo. Alipoondoka alisimama mlangoni akatabasamu.

"Una utaratibu mzuri sana, dada. Kila kitu na mwenyewe."

"Nimefundishwa na huyo hapo," Shamsia akasema, akimwonyesha baba yake, na Haidari akacheka kwa furaha nyuma ya marobota yake. Ilimpendeza kusifiwa na kijana mwenye adabu.

Jumamosi asubuhi Shamsia akawasha mashine. Januari 2008, zote. Akazirudisha siku ya leo moja moja. Kwenye namba nne akafungua orodha ya faili zilizofunguliwa karibuni ili aifute kama kawaida. Kulikuwa na moja tu. Akaisoma mara moja, akaisoma tena, na safari hii aliisoma kama mtu mwingine, kama mtu aliyetoka mbali akitafuta. Jina. Binti. Kijiji. Nyumba. Simu.

Dakika sita za kitambaa cha bluu hazikusema kitu; redio ya ughaibuni ilitunza siri, mwandishi alitunza, msichana mwenyewe alikaza kitambaa kwa mkono wake. Aliyemfunua ni yeye, na kwa hati nzuri.

"Baba," akaita, "yule mnunuzi wa maharage alilala wapi?"

"Aliondoka jana hiyo hiyo. Aliniuliza gari la Kakonko linapita saa ngapi, nikamwitia dereva Venanti." Haidari akainua macho. "Kwani kaacha kitu?"

Shamsia alipiga simu, ikakataa. Akapiga tena, ikaita, ikaita, na Hatungimana akapokea kwa sauti ya mtu aliyelala usingizi wa kutosha.

"Mwanangu Shamsia! Mungu akupe umri. Kijana wako amefika."

"Kijana gani, mzee?"

"Huyu uliyemtuma na salamu. Amebisha, ameniita kwa jina langu, akamwulizia Generosa kwa jina lake, akasema anatoka dukani kwenu. Mtu wa heshima. Tharsisi yuko shamba, ila mgeni tumemkaribisha ndani."

"Mzee," Shamsia akasema, "mimi sijamtuma mtu."

Shamsia aliibana simu kwenye sikio kwa mikono miwili, akakaza macho ukutani kana kwamba angeiona nyumba ile ya Kasanda. Haikuja picha. Ilikuja sauti tu, ile aliyoisikia siku mbili kwenye kioo cheusi, polepole, ikimkaribisha mgeni kwa maji ya kunawa mikono:

"Amazi ngaya."