Damu Niliyotumwa na Mama Mkwe

Aibu niliyoipata mlangoni mwa kanisa pale Masumbwe, jamani, wengine waliibeba hadi machimboni Nyarugusu, nikawa naulizwa habari zake na watu nisiowajua, kwa hiyo bora niieleze mwenyewe, mimi Mama Kulwa, kuliko muisikie kwao ikiwa imetiwa chumvi.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati sukari unaipangia foleni duka la kijiji na kurudi na robo kilo ya nyumba nzima. Mama mkwe wangu Nyanzobe (Mungu amrehemu, alikuwa na mdomo) alikuwa na kidonda mguuni kisichopona, daktari akamwandikia cheti aje asubuhi bila kula, apimwe sukari kwenye damu. Tukatoka alfajiri wote wawili na njaa zetu, na kufika tu hospitali akakaa kwenye benchi la nje, akanipa cheti.

"Mama Kulwa, nenda ukatoe."

"Nikatoe nini, mayu?" nikamuuliza (mayu kwetu ni mama).

"Damu. Yangu imebaki ya kunifikisha kaburini tu. Wewe unayo nyingi."

Sasa mimi kwetu Kishapu nilifundwa kwamba mama mkwe akikutuma huulizi, akinituma maji naleta, akinituma kuni naleta, nikaona na damu ni kazi kama nyingine (shule niliishia darasa la pili, msinicheke). Nikaingia. Mpimaji akasoma cheti, akanitazama.

"Nyanzobe, miaka sabini?"

"Ndiyo, baba."

"Mbona hata mvi huna?"

"Nimetunzwa."

Akanitoboa kidole, nikatoka nikijiona mkwe bora kuliko wote Usumbwa.

Majibu yakaja: sukari imepanda sana. Daktari akampa mama mkwe vidonge vya kuishusha na kumkataza vitu vitamu, na mimi nikanyamaza, nikajiambia damu si inajua imetumwa na nani? Ile sehemu yake ya sukari nikawa naimalizia mimi, isije ikaliwa na sisimizi, na kila nikinywa chai kiu inazidi, chooni sitoki, nalaumu jua.

Jumapili ya pili tunatoka misa, mama mkwe akaanza kutetemeka, jasho likamtiririka, akadondoka pale pale mlangoni. Watu wakajaa. Katekista Bonifasi akaleta kikombe cha chai tamu, lakini mume wangu Masanja akauzuia mkono wake.

"Asipewe! Mama ana sukari, mtamuua!"

Ndipo akili ikanijia kwamba vile vidonge vinashusha sukari ya mtu ambaye hana ya kushusha. Nikamtazama Masanja, nikajua nikisema nitarudishwa Kishapu na mabegi yangu, nikamtazama mama yake, midomo imepauka, macho yamegeuka. Nikapiga kelele hadi waliokuwa wameshafika barabarani wakageuka:

"Mpeni! Hana sukari! Sukari ni yangu!"

"Yako vipi?" Masanja akauliza.

"Damu nilitoa mimi!"

Nikamnyang'anya Bonifasi kikombe, nikamnywesha mwenyewe kidogo kidogo, na mama mkwe alipofumbua macho watu wote wakainama kumsikiliza. Akanitazama mimi.

"Nilimtuma damu," akasema. "Sikumtuma sukari."

Walicheka mpaka padri akaingia sakristia kujificha. Kurudishwa sikurudishwa, Masanja alinipeleka hospitali kesho yake nikapimwa kwa jina langu, na kile kidonda kilipona kwa kuoshwa na kufungwa tu. Ila mama mkwe, hadi anakufa, alimwambia kila mgeni kwamba asingenituma siku ile ningekufa bila kujua ninaumwa nini, na kinachoniuma ni kwamba alisema kweli.

Niliendelea kutumwa, na kwenda nilikwenda. Lakini mwaka uliofuata alipoitwa kung'olewa jino akaanza kuniangalia kwa upole, nilimwambia: "Mayu, hapo utafungua mdomo mwenyewe."