Maboga Yaliyovuka Mpaka

Saa kumi na mbili asubuhi, mama wa watoto wanne anawasili mpakani, jembe begani, mwandishi wa gazeti hili nyuma yake. Mpaka wenyewe ni kamba ya katani iliyofungwa kwenye vigingi, ikikata shamba la familia katikati.

Upande wake kuna kunde, alizeti, mihogo na maboga. Upande wa mumewe kuna mahindi, mahindi na, kwa anayependa mabadiliko, mahindi.

Majirani humwita Mama Mchanganyiko. Kamba aliifunga mumewe, miaka mitatu iliyopita, baada ya kutangaza kuwa shamba la mkewe linafanana na mizigo ya mtu anayehama.

"Chakula ni mahindi," mume anajitetea kutoka ng'ambo. "Hayo mengine vitafunwa."

"Si ndivyo vilivyokulisha tangu mwezi wa pili, baba watoto?"

Mume anakohoa. Msimu uliopita mvua ilikatika mahindi yakichanua. Aliyezoea magunia kumi na manane aliambulia matatu. Ada za watoto zililipwa na alizeti.

Hata hayo matatu yana kisa. Kila asubuhi mume alipita na panga akikata maboga yanayotambaa chini ya kamba kuingia kwake. Kisha homa ikamlaza wiki mbili. Maboga hayakuja kumpa pole. Yalivamia mistari minne ya mahindi na kutandaza majani. Jua lilipokausha shamba, ni mistari hiyo tu iliyozaa.

"Nilifunua majani nikakuta udongo bado una unyevu," mume anakiri kwa sauti ya chini. "Sijamwambia mtu."

"Umeliambia gazeti, mume wangu."

Sasa mawingu yanajikusanya. Mahindi yakigoma tena, ng'ombe wao pekee wa maziwa atauzwa. Mke anataka shamba lote lichanganywe. Mume amenuna wiki nzima.

Ghafla anachomoa kigingi cha kwanza, kisha cha pili. Anavisogeza vyote upande wake, taratibu, kama anayehamisha kaburi la babu.

"Mistari kumi tu," anaonya. "Usinizoee!"

Mke anainama haraka kuficha kicheko. Kutoka kwenye khanga anatoa mbegu za maboga na kuanza kuzifukia kandokando ya kamba, karibu kabisa.

"Ndoto yangu ni shamba lote, na kamba hii nianikie nguo," anasema. "Lakini simsukumi mtu. Nimeshasema yangu. Yaliyobaki yatazungumzwa na maboga."