Barua ya Kuniozesha

Baba yangu alikuwa mtu wa pili katika polisi ya nchi nzima, na mpaka leo sijaona cheo kinachomchosha mtu, na mkewe, na watoto wake, kama hicho. Mtu wa kwanza akishaamua analala. Wa pili anakaa karibu na simu.

Simu yenyewe ilikuwa sebuleni kwetu Temeke, juu ya kitambaa alichofuma mama. Hakukuwa na nyingine mtaa mzima, na hatukuruhusiwa kuigusa, maana Mkuu angeweza kupiga. Kwa ajili yake tulikosa misiba, tulikosa Idi kwa bibi huko Lindi, tulikosa hata kwenda kutembea Pugu Jumapili moja. Ikilia, mara nyingi ni mtu kakosea namba.

Mkuu akisafiri ndiyo balaa kamili. Baba alikaimu, lakini kiti cha Mkuu hakukikalia. Alivuta kiti cha wageni pembeni ya meza. Kila barua ilikuwa "kwa niaba ya", hata ya kuomba balbu. Siku moja mama alishindwa kuvumilia.

"Wee baba watoto, malaika Munkari na Nakiri wakikuuliza kaburini, utawajibu kwa niaba ya nani?"

Baba akasema hiyo ni kufuru, akaendelea kupiga viatu vyake rangi.

Posa yangu ilipokubaliwa, nilimwomba kitu kimoja tu. Nilitaka yeye mwenyewe amshike mume wangu mkono na kuniozesha. Baba akiwa na udhuru anaweza kumteua wakili, akasema yale maneno badala yake, na ndoa ikaswihi. Hilo nililijua. Lakini sikuwa natafuta ndoa ya kuswihi tu, nilimtaka baba. Miaka yote nilimwona akisimama mahali pa mtu mwingine. Siku hiyo moja nilitaka asimame mahali pake.

Akakubali. Mkuu naye akaahidi kwamba alasiri hiyo angekaa ofisini mwenyewe. Zimebaki wiki mbili, Mkuu akapata safari ya nje, na kurudi kwake kukapangwa siku tatu baada ya nikaha.

"Si kuna mtu wa tatu?" nikamuuliza baba.

"Wa tatu hajakabidhiwa ofisi."

"Basi mkabidhi."

"Anayekabidhi ni Mkuu, mwanangu."

Nililia nikagombana na ukuta. Mama alikuwa ameuchanga mchele wa harusi yangu kibaba kwa kibaba, miezi mitatu, kwenye foleni ya duka la ushirika kama mke wa mtu yeyote, kwa sababu baba alikataza mlango wa nyuma. Akachukua kapu, akarudi kwenye foleni.

Asubuhi ya nikaha baba aliondoka na sare yake, akaacha bahasha kando ya simu. Ilikuwa ya baba mdogo, mdogo wake wa kuzaliwa, aliyefanya kazi kiwandani Ubungo. Baba mdogo akaifungua mbele ya shekhe na wazee, akaisoma kwa sauti, nami nasikia chumbani nyuma ya pazia.

"Yah: Kumwozesha Binti Yangu. Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Kwa barua hii nakuteua kumwozesha binti yangu leo alasiri kwa niaba yangu. Tafadhali tekeleza. Nakala: Jalada."

Wazee wakaangua kicheko. Shekhe akasema wakala umetimia, na kwamba hajapata kuona uliotimia namna hiyo. Mimi nilikuwa nawaza hilo jalada. Sikujua kama nina jalada.

Watu hawajamaliza kucheka, gari likasimama nje. Akaingia Mkuu! Safari yake ilikatishwa, kashuka kwenye ndege, kakatiza kutoka uwanjani moja kwa moja mpaka kwetu, ili asiikose harusi ya binti wa naibu wake. Wakamkalisha kwenye kiti cha baba.

"Naibu wangu yuko wapi?"

"Shikamoo, mzee," akasema baba mdogo. "Yuko ofisini, anakushikia nafasi."

Mkuu akaiendea simu, akapiga ofisini. Nikashika pazia kwa mikono miwili.

"Ndugu yangu, njoo, mie nishafika kwako... Kukabidhiana? ... Kwa maandishi?" Akacheka, akaweka simu. "Hatoki mpaka nimtilie saini kwenye kitabu. Haya, nikimaliza kula nitampitia."

Nikimaliza kula! Nilitaka nitoke na hina yangu nikamnyang'anye sahani. Shekhe naye hakuweza kungoja, alikuwa na nikaha nyingine Kipawa. Basi baba mdogo akamshika mume wangu mkono, akaniozesha kwa niaba ya mtu aliyekuwa ng'ambo tu ya bonde akilinda kiti kisichokuwa na mwizi. Mkuu akala sahani mbili, akasifu pilau. Kusema kweli sikuwa na ugomvi naye. Kaja, kakaribishwa, kala.

Wageni walipotawanyika, upande wa mume wakataka kunichukua.

"Sitoki," nikasema. Somo yangu, aliyenifunda, akanifinya. Wifi yangu mmoja akanong'ona kwamba bi harusi ana kiburi. Nikakaa.

Baba aliingia baada ya Magharibi, viatu vimejaa vumbi, maana alipanda basi. Akamtazama mdogo wake kwanza.

"Imetekelezwa?"

"Imetekelezwa, kaka."

Hapo nikatoka chumbani. "Baba, Mkuu wako amekula pilau ya harusi yangu. Wewe umekula nini?"

Akavua kofia.

"Ukoko umebaki?" akauliza taratibu.

Nikaenda jikoni na nguo zangu za harusi, nikaukwangua ukoko wenyewe, nikamletea. Akaketi mkekani, siyo kwenye kiti, akala huku machozi yanamdondoka kwenye sare, wala hakuyafuta. Hasira yangu haikuisha, lakini niliketi kando yake.

Simu ikalia. Mama akamtazama baba. Baba akaitazama simu, vidole vimejaa wali, akaanza kuinuka. Nikamtangulia, nikaipokea mimi, kwa mara ya kwanza tangu iletwe ndani ya nyumba ile.

"Naibu hawezi kuja kwenye simu," nikasema. "Yuko harusini kwa binti yake."

Nikaiweka chini, nikarudi kumwongezea ukoko.