Mawese Ndani ya Piano

Kwa miaka kumi na tisa Pastory alilinda piano ya ukumbi wa Gungu, Kigoma, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuisikia ikipigwa. Iliachwa bandarini na Mbelgiji mmoja aliyeondoka kwa haraka, makuli wanane wakaipandisha mpaka ukumbini, na Pastory, aliyeajiriwa kufagia tu, akaipenda kama wenzake wanavyopenda mke wa pili. Aliipangusa asubuhi na jioni. Ukiiegemea kwa kiwiko, alikuita muuaji. Watu wakampa cheo cha Mkurugenzi wa Piano, naye akakipokea bila kucheka.

Mwaka 1997 wakimbizi wakavuka ziwa kwa maelfu, na ukumbi ukatakiwa uwe stoo ya maharage ya msaada. Mwenyekiti wa kamati, Mama Hidaya wa Ujiji, hakuzunguka.

"Pastory baba, hilo kabati lako linakula nafasi ya magunia. Seremala keshalipima."

"Siyo kabati, mama. Ni piano. Inaimba."

"Umeisikia lini?"

Pastory akatazama ufagio wake.

Bahati yake, kati ya waliovuka alikuwamo Mzee Christian, miaka sabini na moja, aliyewahi kupiga piano Kinshasa na Brussels mpaka Wazungu wakasimama kumpigia makofi. Pastory alimfuata kambini kwa baiskeli, akamsihi. Mama Hidaya akatoa Jumamosi moja: ikiimba, inabaki, ikikohoa, inakuwa mbao.

Ijumaa Pastory akaona mgeni mkubwa hawezi kupokewa na piano kavu. Sasa, Kigoma mnyororo wa baiskeli ukilia unapakwa mawese. Bawaba ikilia, mawese. Mtoto akikohoa, mawese kifuani. Akafunua kifuniko, akamimina.

Jumamosi mvua ikanyesha tangu alfajiri, baridi ikaingia, na mawese yakaganda.

Mzee Christian akatokea na koti jeusi lililovuka ziwa ndani ya ndoo. Akainama mbele ya watu. Watu, kwa adabu, nao wakainama. Akakaa, akaweka mikono. Vibao vya piano vikashuka, vikatoa sauti tamu ajabu, vikakataa kupanda.

Mzee akanusa kidole. Akakilamba.

"Baba Pastory, mulitia mawese mu piano?"

"Kidogo tu, mzee. Chupa moja."

Seremala, mstari wa mbele, akatoa penseli sikioni.

Mzee Christian alikuwa hajagusa piano tangu akimbie kwake. Akaitazama penseli ile, akamtazama Pastory, ambaye alikuwa ameshajisogeza kati ya seremala na piano.

"Kuja hapa. Mimi nashusha, wewe unapandisha."

Wakaanza. Mzee anashusha, Pastory anainua kwa kucha, mara kushoto, mara kulia, anapita chini ya mikono ya mzee, anatokea upande wa pili, makalio yamebinuka, jasho linamtoka. Muziki ukakimbia, naye akakimbia. Ukumbi, uliokuwa umekaa kama msibani, ukalipuka vigelegele.

"Mkurugenzi! Usimwachie!"

Merina, muuza dagaa wa Katubuka, akashindwa kuvumilia. Akainuka kumtunza kama inavyotunzwa ngoma yoyote yenye heshima: akamfuta Pastory jasho, akamvika kitenge kipya mabegani. Wanawake wengine wanne wakafuata. Brussels hakuna aliyewahi kupanda jukwaani mzee akiwa anapiga, isipokuwa daktari. Mzee akacheka hadi meno bandia yakacheza, akaongeza mwendo, na Pastory akaendelea kuinua vibao akiwa na vitenge vitano kama bibi harusi.

Walipomaliza, seremala naye alikuwa anapiga makofi. Penseli imeanguka, haijulikani wapi.

Mama Hidaya akasimama. "Kabati linabaki. Maharage yatafutiwe pengine."

Pastory akakaa sakafuni, akalia waziwazi.

"Jumamosi ijayo tunarudia," akasema Mzee Christian, "lakini kwanza munipe maji ya moto na sabuni, nitoe hii mafuta."

"Thubutu!" akasema Mama Hidaya. "Mkiyatoa, Pastory atafanya nini?"