Alama za Mwanakheri

Mwalimu Yudith alikuwa mtoto wa milimani, juu ya Kilosa, aliyesomeshwa na misheni. Kwa miaka sita alifundisha siasa katika shule moja ya sekondari ya wilaya hiyo. Mwaka 1975, watu walipokuwa wakihamishiwa vijiji vya ujamaa, kazi iliyomnyima raha ilikuwa kujaza fomu za tabia: kupenda kazi, ushirikiano, uongozi, utii. Alama mbaya humo ilitosha kumfungia mlango hata aliyefaulu hesabu.

Siku moja alikuja mgeni kutoka wilayani kuzungumzia vijiji vipya. Mwanakheri, binti wa mkulima wa mpunga kutoka Tindiga, akasimama.

"Shikamoo, mzee. Sisi tumehamishiwa bondeni, njia ya maji. Wazee walisema, hawakusikilizwa. Mwananchi akiona kosa amwambie nani?"

Mgeni hakuitikia hata shikamoo. Aliuliza jina lake, akaliandika, akaendelea na hotuba kwa sauti ile ile.

Kesho yake mwalimu mkuu, Bwana Oswald, alimwita Yudith ofisini. Alifunga dirisha kwanza, ingawa joto lilikuwa kali.

"Yule binti umempa ngapi?"

"Bado, mkuu. Lakini kwa jembe hana mfano. Na kisomo cha watu wazima pale kijijini anakifundisha yeye."

"Utii, mpe E. Wa wilayani wamepiga simu mara mbili. Ya pili waliulizia habari zako: umeolewa na nani, baba yako yuko kijiji gani."

Siku tatu Yudith alitembea na fomu ile mkobani. Gari la serikali liliegeshwa langoni mara mbili, asishuke mtu. Walimu waliozoea kunywa naye chai wakawa wanangoja kwanza amalize kikombe chake.

Siku ya nne aliandika. Utii, C. Uongozi, A. Chini yake: "Huuliza kwa adabu mambo yanayowahusu wengi."

Bwana Oswald alisoma, akashusha pumzi. "Umejichongea mwenyewe, dada yangu."

Mwezi haukuisha, ikaja barua ya uhamisho: shule ya msingi upande wa Mikumi, aondoke ndani ya siku tatu. Fomu haikuonekana tena, na kidato cha tano Mwanakheri hakuchaguliwa. Binti alikwenda kufanya kibarua kwenye mashamba ya Kilangali.

Mwaka uliofuata alitokea mlangoni kwa Yudith, amekonda, miguu imejaa vumbi.

"Mwalimu, nimekuja kukuambia kwa mdomo wangu. Walinipa karatasi niweke sahihi. Inasema swali lile ulinifundisha wewe."

"Ukaweka?"

Binti aliangalia chini. "Baba alikuwa ndani, mwalimu. Walimtoa siku ile ile."

Yudith alimvutia kigoda, akammiminia uji.

"Ilikuwa lini?" aliuliza hatimaye.

"Jumatatu."

Leo ilikuwa Alhamisi. Yudith akatazama barabarani, kama gari la serikali limekwisha kufika.