Taa ya pikipiki ndani ya gare ya Riziki

Leo nimeyeyusha gare ya marehemu dada yangu Riziki.

Ni gare ndogo ya plastiki, kituo cha treni yetu ya kuchezea, tuliinunua ikiwa tayari imetengenezwa. Mapazia ya madirisha, Riziki njo aliyachora kwa mukono wake.

Tangu matanga, Mama hakuingia tena mule chumbani mwa Riziki.

Leo nikaweka taa ya pikipiki ndani ya gare, nikaiwasha. Jamani, ilipendeza!

Nikakimbia kumwita Mama. Nikamubembeleza mpaka akakubali.

Tulipoingia, moto wa taa ulikuwa umeyeyusha paa, likaanguka juu ya mapazia.

Nikachukua kisu nilinyanyue. Mama akanishika mukono.

“Acha, mwanangu. Utamuumiza dada yako.”

Ndugu zangu, mungekuwa mimi, mungemujibu nini?