Mikorosho ya Upande wa Magharibi

Mwalimu Devotha alikotoka, Karagwe, ndugu waliweza kununiana miaka kwa mgomba mmoja uliosimama mpakani. Ndiyo maana alipopangiwa kufundisha huku bonde la Rufiji, karibu na Ngorongo, macho yalimtoka kwa pori aliloliona.

"Watu wa huku Mungu kawapa ardhi, wao wanaitazama tu," alimwambia mumewe Wilbrod, fundi wa kuchomelea vyuma.

Wakaomba ekari tatu serikali ya kijiji. Wakapewa kihalali, wakapanda mikorosho.

Uhalali uliishia hapo. Mashariki ya shamba kulikuwa na barabara, magharibi pori. Kila msimu Devotha alipoita vibarua wa kufyeka, aliwaambia wasogee kidogo magharibi. Msimu wa kwanza hatua ishirini, wa pili hamsini. Msimu wa tatu wakafika kijitoni. Kwa kuwa hakuna aliyemzuia, alianza kuamini kwamba ameandikiwa. Jumapili moja alisimama kanisani akatoa ushuhuda kuwa Bwana amemwongezea mipaka, na watu wakampigia makofi.

Kumbe pori lile lilikuwa la Bibi Tabu, aliyekuwa mbali, huko Salale, miaka hiyo yote akimuuguza bintiye. Aliporudi alikuta mikorosho ya mwenzake imemfika kiunoni.

"Mwalimu, hapa kwangu. Nililiacha lipumzike."

"Una karatasi, bibi?"

Hakuwa nayo.

"Basi Mungu humpa anayelima," Devotha akasema.

Bibi Tabu alimtazama, akajifunga kanga yake upya, akaondoka.

Miaka miwili ikapita. Mwaka jana Devotha alikuwa akiwafundisha kidato cha tano jinsi Marekani ilivyopanuka: jinsi watu wale walivyoamini kwamba Mungu mwenyewe amewapangia kuenea magharibi hadi bahari ya pili, na jinsi wenyeji walivyofukuzwa katika nchi iliyoitwa tupu. Alilifundisha somo hilo vizuri, hata kwa uchungu. Kisha akatoa jaribio.

Msichana mmoja wa kijiji hicho, Hajira, aliandika: "Imani hiyo haiko Marekani tu. Hata kwetu mtu huweza kuliita shamba la mwenzake pori, akalimega hatua chache kila mwaka, kisha akamshukuru Mungu."

Hakutaja jina. Devotha aliisoma sentensi ile uso ukimwaka. Akaikata kwa kalamu nyekundu, akaandika, "Nje ya mada," na jibu zima akalipa sifuri.

Kesho yake aliporudisha karatasi, Hajira alisimama.

"Mwalimu, naomba kuuliza. Neno lipi liko nje ya mada?"

Devotha aligeukia ubao, akaanza kuufuta.

"Kaa chini," akasema.

Jioni ile aliiacha sahani yake mezani, akatoka nje. Wilbrod alipomuuliza kulikoni, alimwambia, "Tumemwibia bibi yule."

"Tumemwibiaje? Mwenyekiti wa kijiji mwenyewe alipita akaona, akanyamaza."

"Alinyamaza kwa sababu namfundishia mwanawe."

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa Bibi Tabu, akamkuta anapepeta mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Hakukaribishwa kuketi.

"Nimekuja kurudisha shamba. Nilijua lina mwenyewe. Niliona visiki vya zamani, niliona na mpapai uliopandwa na mtu. Nilijua tangu msimu ule wa kwanza."

Bibi Tabu aliweka ungo chini. "Shamba utarudisha. Na mwanangu?"

Devotha hakuelewa. Ndipo bibi akamweleza kwamba kifungua mimba wake, aliyekufa hajaanza kutambaa, alizikwa karibu na kijito, na kaburi lake liliwekewa mawe mawili. Devotha akakumbuka kibarua akimuuliza habari za mawe, naye akimjibu bila hata kugeuka, "Yatoeni."

Walikwenda pamoja. Walitafuta mpaka adhana ya adhuhuri. Mikorosho ilikuwa imepandwa kwa kamba, mistari imenyooka, na kila shina lilifanana na jingine. Bibi Tabu alisimama penye mmoja, akatikisa kichwa, akaenda kwa mwingine. Mwishowe aliketi pale alipochokea, akainua mikono akaomba dua. Devotha alisimama kando mpaka alipomaliza.

Jumatatu aliandika mbele ya halmashauri ya kijiji kwamba kila kilichozidi ekari tatu ni cha Bibi Tabu, pamoja na mikorosho iliyomo. Wilbrod alitia saini, ila hakusema naye mpaka Ijumaa. Darasani Devotha aliiomba karatasi ya Hajira, akamsahihishia, akawaeleza wanafunzi wote kwa nini.

"Asante, mwalimu," Hajira alisimama akasema, kisha akaketi.

Msimu huu Bibi Tabu ndiye aliyeokota korosho zile. Wakikutana njiani, Devotha humwamkia, naye huitikia na kupita. Bado hajamkaribisha kwake.